Giaboksi Iliyokataa Kupanda Bura

Nyinyi mnaojifunza umekanika siku hizi mna bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo. Mnachomeka waya chini ya usukani, mnaliuliza gari linaumwa wapi, nalo linawajibu kwa maandishi. Siwacheki. Juzi kijana mmoja pale Voi alinionyesha kwenye simu yake joto la mafuta ya giaboksi ya trela lililokuwa limesimama kando yetu, nikabaki nimeishika ile simu mpaka akaniomba nimrudishie. Lakini mmeniuliza ni kitu gani kilinikalisha miaka yote ile chini ya malori, na jibu langu ni lori moja la maji.

Naitwa Wakesho. Nimezaliwa Bura, upande wa juu, na kazi nimejifunza Voi katika gereji ya Fundi Salim. Gereji mbili za kwanza nilizoingia kuomba nafasi, mafundi waliniuliza nimeleta chakula gani. Fundi Salim aliniuliza kama naweza kutofautisha harufu ya mafuta mabichi na mafuta yaliyoungua. Nikamwambia naweza, kwa kuwa nimepika. Akacheka, akaniambia nianze Jumatatu.

Watu wake walikuwa wametoka Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa, kimenyooka. Mimi changu kilitoka shuleni baada ya Kidawida cha nyumbani, kwa hiyo alikuwa akinirekebisha maneno huku akinirekebisha spana. Hakuwahi kunipigia kelele. Alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia mpaka nikaiota: usifungue kitu ambacho hujakipima.

Giaboksi ya oto, ile inayobadilisha gia yenyewe, ya kwanza kuiona ndani ilikuwa ya gari dogo. Fundi Salim aliosha meza kwa sabuni, akaikausha, akatandika kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, akaniambia kama nataka kupiga chafya nitoke nje kabisa. Kisha akafungua kile kipande cha aluminiamu tunachokiita valvu bodi. Vijana, mimi nilidhani nitaona magurudumu ya meno. Niliona mifereji. Vijia vyembamba vinazunguka, vinagawanyika, vinakutana tena, na kila penye njia panda pana kijiti kinachoteleza au kigololi kidogo kama mbegu ya mpapai.

Nyumbani kwetu nyanya yangu alikuwa akimwagilia mboga kwa mfereji unaotoka kwenye chemchemi. Kila shamba lina zamu yake. Unaondoa jiwe hapa, unaziba kwa udongo pale, na maji yanakwenda kwa jirani. Sasa nikaona kitu kilekile kwenye kiganja cha Fundi Salim, isipokuwa hapa hakukuwa na mtu wa kuondoa jiwe. Mafuta yenyewe yakipata nguvu yanasukuma kijiti, kijiti kinafungua mfereji mwingine, mafuta yanakwenda kuzibana sahani za klachi ndani, gia inaingia. Gari likipunguza mwendo, zamu inarudi. Hakuna jicho wala mkono. Nilimwuliza ni nani aliyewaza jambo hili. Akasema hajui, na kwamba kila anapokifungua kipande kile humwombea dua mtu huyo, yeyote awaye.

Basi lori lenyewe. Mwaka ule ukame ulikuwa mbaya. Chemchemi za juu ya Bura zilikauka, na akina mama wakawa wanashuka mpaka bondeni na mitungi, wanapanga foleni kwenye kisima kimoja. Kamati ya maji ya kule juu ilitafuta lori la mtumba lenye tangi, likaja, na kumbe lilikuwa oto. Dereva wao, Mwadime, alikuwa ameendesha malori ya mkonge maisha yake yote, na wiki ya kwanza mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga sakafu ukitafuta klachi. Aliniambia anajisikia kama mtu aliyepewa mke anayejua kila kitu.

Kazi ya lori ilikuwa kuchota maji Voi, kupita Mwatate, na kupanda mpaka zahanati iliyo juu kule, ambako kulikuwa na tangi la watu wote. Mara za mwanzo lilipanda vizuri. Kisha likaanza mchezo. Kwenye barabara ya lami ni malaika. Likifika pale mlima unaposimama, injini inapiga kelele, magurudumu hayapati nguvu, kama mtu anayevuta kamba iliyopakwa sabuni. Mwadime akiliacha lipumzike, linapanda kidogo, kisha linateleza tena.

Walituletea. Fundi Salim akafanya kama anavyofanya siku zote, na hapa mnisikilize vizuri kwa kuwa bado ni kazi yenu. Alilisimamisha mahali tambarare, injini ikiwa moto na inanguruma, akaipitisha gia nafasi zote taratibu, kisha ndipo akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Ukipima oto ikiwa baridi au imezimwa, unajidanganya. Akapangusa mafuta kwenye kitambaa cheupe, akayatazama rangi, akayanusa, akayasugua kati ya vidole kutafuta mchanga wa chuma. Rangi ilikuwa nyekundu bado. Harufu ilikuwa imeanza kugeuka, kidogo tu. Lakini yalikuwa na povu, na kijiti kilionyesha yamepita alama ya juu.

Povu kwenye mafuta ya oto lina asili mbili. Mafuta yakizidi, gia zinayapiga kama mtu anayekoroga mayai, yanaingia hewa. Mafuta yakipungua, pampu inafyonza hewa pamoja nayo, na povu ni lilelile. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama. Unaamua kwa kijiti, na kijiti kilisema yamezidi. Fundi Salim akapunguza mafuta mpaka yakakaa sawa kwenye alama. Lori likaenda. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Safari iliyofuata, tangi likiwa limejaa, gia ilipotea kabisa kwenye kona kali kabla ya zahanati. Mwadime akakanyaga breki. Breki zilishika, lakini kokoto hazikushika, na lori likaanza kurudi nyuma. Watu walikuwa na desturi ya kulifuata kwa miguu na mitungi yao ili wawahi foleni. Walirukia vichakani pande zote mbili. Mwadime alifungua mlango, akaning'inia kutazama nyuma, akazungusha usukani kwa mkono mmoja akaligongesha kwenye ukingo wa mlima, likakwama. Hakuna aliyeumia. Maji yote yalimwagika yakashuka na barabara, na wanaosimulia wanasema akina mama walitoka vichakani wakaanza kuyachota kwa bakuli kutoka kwenye mashimo.

Tuliitwa kwenye kikao siku iliyofuata, nje ya zahanati. Kamati ilikuwa imekwisha kukubaliana mambo mawili: Mwadime aachishwe kazi, na lori liuzwe kwa yeyote atakayelitaka. Muuguzi wa pale, Sista Mghoi, alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Alisema tangu juzi amekuwa akiwaambia wajawazito waende Voi, maana hawezi kumzalisha mtu bila maji ya kunawa, na kwamba mmoja amekataa kwenda kwa sababu hana mtu wa kumwachia watoto. Hakuinua sauti.

Mwenyekiti akaanza kumweleza Mwadime kwamba dereva aliyezoea gia za mkono hawezi kuaminiwa na oto. Mwadime alitazama viatu vyake. Ndipo Fundi Salim akasimama, akavua kofia yake.

"Mwenyekiti, mafuta ya giaboksi nimeyapunguza mimi kwa mkono wangu," alisema. "Kabla sijayapunguza lilikuwa likiteleza na kusimama. Nilipoyapunguza limepoteza gia kabisa. Huyu bwana hana kosa. Aliwaokoa watu wenu na hitilafu ambayo mimi sijaielewa bado."

Mimi nilikuwa namjua kama mtu ambaye madereva wa trela walikuwa wakitoka Miasenyi wakipita gereji nyingine zote ili waje kwake. Na sasa alikuwa amesimama juani, kichwa wazi, mbele ya watu waliomwita fundi, akisema hajaelewa. Nilidhani nitaona aibu kwa niaba yake. Badala yake mwenyekiti akamwuliza, kwa heshima zaidi kuliko alivyomsemesha mtu yeyote asubuhi ile, anahitaji nini ili aelewe.

"Lori, dereva yuleyule, na mlima uleule. Bila maji na bila mtu nyuma yetu."

Tuliliondoa pale ukingoni, tukaongeza yale mafuta tuliyotoa, likashuka polepole mpaka Voi. Kwenye kila giaboksi ya namna ile kuna tundu dogo lenye kizibo, la kupimia nguvu ya mafuta. Kwa kawaida unafunga geji pale, unalala chini ya gari, unasoma. Fundi Salim alisema gonjwa hili haliji lori likiwa limesimama gereji, basi itabidi tulifuate nyumbani kwake. Tukatafuta hosi ndefu inayostahimili nguvu, tukaipitisha kwenye sakafu ya kabini karibu na gia, na geji nikaipakata mimi, imefungwa kwa kanga isipigwe na mitikisiko. Mwadime akashika usukani. Fundi Salim akakaa mlangoni.

Nataka niwaeleze nilichokiona, na sijui kama nitaweza. Nilikuwa nimezisikia gia za oto zikibadilika mara nyingi mno. Unausikia ule mngurumo ukishuka, basi, unaendelea na mambo yako. Lakini siku ile, tulipoiacha Voi na mshale wa geji uko mapajani kwangu, niliona. Mwadime akikanyaga, mshale unapanda. Kabla tu gia haijabadilika unalegea kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo bega moja ili aubebe kwa jingine, kisha unasimama imara, na wakati uleule unasikia injini inatulia. Tukikutana na tuta, inarudi gia ya chini yenyewe. Tukiteremka inajua. Tulipita mashamba ya mkonge pande zote mbili, tukapita Mwatate, na mimi sikuona hata nyumba moja. Nilihisi nimeshika mkono wa mgonjwa na mapigo yake yanapita kwenye vidole vyangu.

Tukafika mlimani. Lori tupu, halina uzito wowote wa kulilaumu. Pua ikainuka, na mshale ukaanza kutetemeka. Ikainuka zaidi, mshale ukaanguka. Fundi Salim akamwambia Mwadime asimame palepale, avute breki ya mkono, akashuka mwenyewe akatia mawe nyuma ya magurudumu. Injini ikinguruma bila kazi yoyote, mshale ulikuwa chini kabisa. Tukarudi nyuma mpaka tambarare. Ukapanda. Tukainua pua tena. Ukaanguka.

Aliukodolea macho ule mshale, kisha akamwambia Mwadime jambo lililomfanya ageuke kumtazama kama ana homa.

"Geuza. Panda kinyumenyume."

Basi tukapanda mlima wa Bura kinyumenyume. Watu waliokuwa mashambani waliacha majembe, na mzee mmoja alitufuata kandokando akiuliza kama tumepotea au tumesahau kitu. Mwadime alikuwa akitoka jasho. Matako ya lori juu, pua chini, mteremko uleule mkali, gia ya nyuma ikilisukuma lori lote juu. Na mshale haukutikisika. Ulisimama kama umepigwa msumari.

Hapo hata mimi nilielewa. Mafuta yako kwenye sampu chini ya giaboksi kama maji kwenye karai. Ukiinua karai upande mmoja, maji yanakimbilia upande wa pili. Mdomo wa filta, ule pampu inaponywea, uko mbele. Pua ikiinuka, mafuta yanakimbilia nyuma, mdomo unabaki hewani, sahani za klachi zinakosa nguvu ya kubanwa, lori linateleza. Pua ikishuka, mafuta yanaujia mdomo, hakuna tatizo. Lori halikuwa na klachi mbovu wala dereva mbovu. Lilikuwa na kiu, katikati ya ukame, likiwabebea watu maji.

"Lakini kijiti kinasema mafuta yamejaa," nilimwambia.

Fundi Salim akakichomoa kijiti, akakigeuzageuza. "Sisi tunakipima kila kitu kwa kijiti, mwanangu. Kijiti chenyewe nani amekipima?"

Tulilifungua gereji. Tukayamwaga mafuta yote kwenye beseni safi, tukayapima kwa jagi, tukalinganisha na kitabu cha giaboksi ile, ambacho tulikopeshwa na fundi wa Mombasa. Yalikuwa pungufu sana. Sampu, tuliyoidhani ndivyo ilivyozaliwa, haikuwa ya kiwandani. Mwenye lori wa kwanza alikuwa ameliboresha. Alitia sampu yenye kina ili lori libebe mafuta mengi na yasichemke haraka, na hilo ni wazo zuri, mimi mwenyewe nimelifanya mara nyingi tangu hapo. Lakini filta aliiacha ileile fupi, ikining'inia juu kama mtu aliye kwenye ngazi fupi kisimani. Halafu, kwa kuwa sampu ni ndefu, akatafuta na kijiti kirefu. Kijiti kirefu kinagusa mafuta yakiwa bado mbali na pale yanapotakiwa kufika, na kinakuambia yametosha.

Msimcheke mtu yule. Alikuwa na nia njema, na alifanya nusu ya kazi kwa mikono safi. Nawaambia hivi kwa sababu nyinyi mnapenda kuboresha, na mko sawa. Ila ukibadilisha kitu kimoja ndani ya oto, zunguka uvihoji vyote vinavyokitegemea. Sampu ikiwa na kina, filta inasemaje? Filta ikishuka, kijiti kinasemaje? Vyote ni majirani wa mfereji mmoja.

Filta yenye shingo ndefu tuliagiza Mombasa. Sahani za klachi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kwa kuteleza, tukaweka mpya, tukaziloweka kwenye mafuta kwanza, maana sahani kavu huungua siku ya kwanza. Tukafunga kipoza mafuta mbele ya rejeta, mahali upepo unapopiga, na geji ya joto kwenye dashibodi. Kisha tukatia mafuta kwa kipimo cha kitabu, tukaongeza na yale ambayo kina cha sampu kilidai, tukalipasha moto, tukapitisha gia zote, na pale mafuta yalipofika kwenye kijiti Fundi Salim akachora alama mpya kwa tupa, akaifuta ile ya zamani kabisa isije ikamdanganya mwingine. Geji ya nguvu ya mafuta tulitaka kuiondoa. Mwadime alikataa. Alisema sasa hawezi kupanda bila kuiona, tukaifunga karibu na usukani.

Siku ya kupanda, tangi lilijaa mpaka mdomoni. Kamati ilikuwa imewakataza watu kutembea nyuma ya lori, kwa hiyo walisimama kwenye kingo, juu, safu ndefu, wakitutazama tukipita. Nilisikia mawe yakisagika chini ya magurudumu. Pale kwenye kona ile, alama ya lori ikiwa bado imechimbika ukingoni, Mwadime alipunguza, giaboksi ikashusha gia yenyewe, tulivu, na mzigo wote ule ukainuka. Mshale ukakaa mahali pake. Midomo ya Mwadime ilikuwa ikicheza; sikumwuliza kama alikuwa akiomba au akihesabu. Tukatokea juu kwenye uwanja wa zahanati, na ndipo nikajua nilikuwa nimeshika mkono wa Fundi Salim tangu chini.

Sista Mghoi alikuwa wa kwanza kufika na ndoo. Hakutushukuru wala hakutusalimu. Alikinga maji, akaingia nayo ndani mbiombio, maana yule mama aliyekataa kwenda Voi alikuwa amekuja alfajiri akitembea, na uchungu ulikuwa umeshamshika. Tulisikia mlango ukifungwa. Mtoto alizaliwa kabla tangi halijaisha, msichana, na namshukuru Mungu kwamba hawakumpa jina la lori.

Mimi nilishuka kusaidia kushika mpira wa maji. Watu walikuwa wengi, kelele nyingi, mitungi ikigongana. Baada ya muda nikagundua Fundi Salim hayupo kati yetu. Nikarudi kwenye kabini. Alikuwa bado amekaa palepale, injini ikinguruma taratibu, kofia mapajani, anautazama ule mshale. Nilidhani joto limemzidi, nikamwuliza kama nimletee maji ya kunywa.

"Maisha yangu yote nimezifungua hizi," alisema. "Nimezifungua zikiwa zimekufa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa karibu na moja iliyo hai, nikaiona inavyofanya." Akafuta macho kwa kiganja, bila haya yoyote. "Niache kidogo, mwanangu."

Nikafunga mlango polepole, nikamwacha, nikarudi kwenye maji.